Ndoa Mbele ya Wazee, Ndoa Mbele ya Paroko

Mvutano juu ya ndoa katika wilaya za Mbulu na Hanang husimuliwa kama ugomvi wa pande mbili, mila upande huu na Ukristo upande ule. Simulizi hilo linapotosha. Makanisa yenyewe hayakuwahi kukubaliana ni kitu gani kinachoifanya ndoa iwe ndoa, na Wairaqw na Wabarbaig waliobatizwa ndio waliobeba mzigo wa kutoelewana huko. Kwa karne nyingi Kanisa la Magharibi lilifundisha kwamba ndoa hufanywa na ridhaa ya wawili; bila padri ilikuwa kosa, lakini ilikuwa ndoa. Mtaguso wa Trento ndio uliodai paroko na mashahidi, mwaka 1563, na hata hivyo amri yake haikutangazwa kila nchi. Sharti hilo liliwafunga Wakatoliki karibu wa dunia nzima kwa amri ya Papa Pius X iliyotolewa mwaka 1907 na kuanza kutumika Pasaka ya 1908. Mapadri Weupe walipoanza kazi Tlawi, enzi ya Wajerumani, walichokifundisha kama desturi ya Kanisa tangu zamani kilikuwa, kwa sehemu kubwa, sheria changa.

Tazama ilivyofanya kazi. Wazee wawili wasiobatizwa, waliooana kwa mila, Kanisa Katoliki liliwahesabu mume na mke. Wakibatizwa wote, ndoa yao ikawa sakramenti bila kufungwa upya. Mtoto wao aliyebatizwa, akioa kwa mahari ileile na baraka zilezile za wazee, alihesabiwa hana ndoa na akazuiwa komunyo. Baadaye wakaja Wanorwei wa Kilutheri, waliofungua hospitali ya Haydom mwaka 1955, na mapokeo mengine: Luther, katika kijitabu chake cha kufungishia ndoa cha 1529, aliiita ndoa jambo la kidunia. Walutheri wawili wakioana usharikani, sheria ya Kikatoliki huiona ndoa yao kuwa sakramenti, jina ambalo Walutheri wenyewe hawaipi ndoa. Lakini Mkatoliki akioana na Mlutheri usharikani hapohapo bila kibali cha askofu, sheria hiyohiyo husema hakuna kilichofungwa.

Yupo atakayesema paroko alihitajika ili kumlinda binti, maana katika mila waliopatana ni koo mbili na huenda yeye hakuulizwa. Hoja hii ni nzito na siipuuzi: binti aliyenyakuliwa hakuridhia, na Kanisa limefanya jambo jema kudai kauli yake mwenyewe. Ila hoja hiyo hukataa shuruti, haikatai mila. Tena wanawake wa huku hawakuwa bubu. George Klima, katika kitabu chake juu ya Wabarbaig cha mwaka 1970, ameeleza jinsi bibi harusi alivyopewa ng'ombe na ndugu zake mwenyewe, na jinsi baraza la wanawake lilivyoweza kumtoza faini mwanamume aliyewakosea. Mitala ni ngumu zaidi. Tangu karne ya 16 mapapa waliruhusu mume wa wake wengi anayebatizwa abaki na mmoja. Wale wengine, walioridhia kwa moyo mweupe, ndio walioulipia wokovu wa mume, na sioni haki iliyotendeka hapo.

Serikali ilichukua njia pana. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakubali ndoa ya kiserikali, ya kidini na ya kimila, na haiibatilishi ndoa kwa sababu ya mahari kutotolewa. Ndiyo maana mwanamke wa Katesh anaweza kuwa mke halali mahakamani huku parokiani akiitwa anayeishi bila ndoa. Lakini sheria ya Kanisa nayo ina mlango ambao haustahili kusahauliwa: askofu anaweza kuiponya ndoa kutoka kwenye mzizi, bila wawili hao kurudia kiapo, mradi ridhaa yao ya mwanzo ingalipo. Kwa kufanya hivyo Kanisa linakiri kwamba kilichotokea mbele ya wazee kilikuwa ridhaa ya kweli, iliyokosa utaratibu tu. Wazee waliokwisha lea wajukuu, ambao leo huhimizwa waje kubariki ndoa kama vijana, wanastahili kuombewa uponyaji huo na paroko wao.