Mwanafunzi Asiyefundishwa: Wachoraji wa Katanga, Walimu Wao na Jirani Yao Shinkolobwe

1. Utangulizi

Historia ya Katanga katika miaka ya 1940 huelezwa mara nyingi kwa tani na kwa asilimia. Shinkolobwe, mahali padogo palipo kilomita 20 hivi magharibi ya Likasi, pamejulikana duniani kwa sababu ya madini ya urani yaliyogunduliwa hapo mwaka 1915. Kwanza madini hayo yalichimbwa kwa ajili ya radiamu, iliyotengenezwa Ubelgiji tangu miaka ya 1920. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkurugenzi wa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, aliagiza tani 1,200 na zaidi zihamishiwe New York. Septemba 1942 jeshi la Marekani lilianza kuyanunua, na sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka katika shimo hilo.

Mwaka uliofuata, jijini Élisabethville, umbali wa kilomita 120 hivi kutoka Likasi (mji ulioitwa wakati huo Jadotville), ilifunguliwa karakana ya uchoraji kwa ajili ya Waafrika. Matukio haya mawili hayajazoeleka kuwekwa pamoja. La kwanza ni la wanahistoria wa vita na uchumi. La pili ni la wapenzi wa sanaa. Hata hivyo yalitokea katika jimbo moja, chini ya utawala mmoja, na watu walioshika brashi walikuwa ndugu na majirani wa watu walioshika sururu.

Makala haya yanakusudia kuchunguza maisha na kazi ya wanafunzi wa karakana hiyo na ya chuo kilichoipokea, ili kujibu swali moja: mwanafunzi wa sanaa aliyeishi katika nchi ya migodi alielekezwa kutazama nini? Hoja itakayotetewa ni kwamba ukuta uliojengwa ili asiige Ulaya ulimfichia pia mji aliokuwa akiishi.

2. Banda la Romain-Desfossés

Pierre Romain-Desfossés alizaliwa Brest, Ufaransa, mwaka 1887. Alikuwa mwanajeshi wa majini na mchoraji. Aliingia Kongo wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na mwaka 1946 akaanzisha chuo cha sanaa ya wenyeji, ambacho kilijulikana zaidi kwa jina la Le Hangar, yaani banda. Hapo wanafunzi hawakunakili sanamu za plasta, hawakufunzwa kanuni za Kizungu za kuonyesha umbali na ukaribu, wala hawakuwekewa mbele picha za Ulaya ili waziige. Kila mmoja alipewa karatasi na rangi, akaambiwa atafute ndani ya kumbukumbu yake na katika maumbile yaliyomzunguka. Mwalimu alitia moyo, alichagua na kukataa. Lakini kufundisha kwa maana ya kawaida hakufundisha.

Hapa msomaji wa Kiswahili hana budi kusita kidogo. Maneno mwanafunzi na fundi yana mzizi mmoja, ule wa kitenzi kufunda. Kwa desturi zetu, mwanafunzi ni yule anayekaa karibu na fundi, anayetazama mikono yake, anayerudia kazi yake hadi mikono yake mwenyewe izoee. Kuiga si aibu katika ufundi huo. Ni mlango wa kuingilia. Mchongaji wa Kiluba au mfua chuma wa Katanga ya zamani asingeelewa chuo ambacho fundi huficha kazi yake ili mwanafunzi asiione. Kwa hiyo mpango wa Romain-Desfossés, uliotangazwa kuwa heshima kwa Afrika, ulikuwa jambo geni kwa mila ya mafunzo ya Kiafrika yenyewe. Ulitokana na mjadala wa Ulaya, wa watu waliochoshwa na vyuo vyao.

Hata hivyo matunda yake hayakanushiki. Bela Sara, aliyetoka kusini mwa nchi ya Chad, alikuwa mtumishi wa Romain-Desfossés kabla ya kuwa mchoraji. Alichovya vidole katika rangi na kuchora kwa ncha za vidole hivyo, hata picha zake zikajaa alama ndogondogo zinazotetemeka kama majani penye upepo. Pilipili Mulongoy, aliyezaliwa yapata mwaka 1914 na kufariki mwaka 2007, alichora samaki, ndege, nyoka na swala, akijaza nafasi yote nyuma yao kwa nukta na viboko vifupi vya rangi, kwa uvumilivu wa msusi wa mikeka. Mwenze Kibwanga (1925–1999) alilaza mistari mifupi sambamba, mmoja kando ya mwenzake, hata miili ya wawindaji na wanyama ikaonekana kama iliyofumwa kwa nyuzi.

Ni dhahiri kwamba watu hawa watatu hawafanani. Kila mmoja alivumbua namna yake ya kuweka rangi, na kila mmoja alitia jina lake kwenye picha. Jambo la sahihi si dogo. Mawe ya Shinkolobwe, yenye rangi ya manjano na machungwa ambayo mchoraji yeyote angeyatamani, yalipewa katika miaka ya 1920 majina kwa heshima ya wataalamu wa Ulaya: curite kwa jina la Curie, becquerelite kwa jina la Becquerel, sklodowskite kwa jina la ukoo aliozaliwa Marie Curie. Hakuna jiwe lililopewa jina la mchimbaji aliyelitoa ardhini. Katika banda la Élisabethville, mtu aliyekuwa mtumishi wa nyumbani aliandika Bela pembeni mwa kazi yake, na jina hilo limebaki.

3. Kilichochorwa na kisichochorwa

Basi na tutazame upande wa pili. Élisabethville ya mwaka 1946 ilikuwa mji wa tanuri la shaba, bomba refu la moshi, mlima wa mabaki ya madini, reli na kambi za wafanyakazi. Tarehe 9 Desemba 1941 askari waliwafyatulia risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma na kukusanyika katika uwanja wa mpira wa mji huo, na wengi waliuawa. Mgomo ulikuwa umefika Jadotville pia, na huko nako watu walikufa. Wanafunzi wa Le Hangar waliishi katika mji uliokuwa na kumbukumbu hiyo, tena mbichi ya miaka mitano tu.

Katika kazi zao zinazojulikana zaidi, mambo hayo hayamo. Kuna mto na samaki, msitu na nyoka, uwindaji, ngoma, maisha ya kijijini. Haifai kudai kwamba wachoraji walilazimishwa kunyamaza. Pilipili aliyajua maji na viumbe vyake kwa upendo ambao haukuamriwa na mtu. Lakini mwalimu aliyewataka wanafunzi watafute Afrika iliyo safi, na wanunuzi wa Kizungu waliopenda kupamba kuta zao kwa Afrika hiyo, walikwisha kuamua kumbukumbu ipi ni ya kweli na ipi si ya kweli. Kijiji kilihesabiwa kuwa kumbukumbu. Kambi ya wafanyakazi haikuhesabiwa. Kwa namna hiyo uhuru wa mwanafunzi ulikuwa na mpaka ambao hakuuweka yeye.

Kuhusu Shinkolobwe sababu ilikuwa nzito zaidi, kwani mgodi huo ulilindwa kwa siri ya kijeshi. Mahali ambapo hata kutajwa kwake kulihofiwa hapangeweza kuwa mada ya mwanafunzi wa uchoraji. Ukimya wa karakana na ukimya wa mgodi ulikuwa na vyanzo tofauti, lakini vilikutana katika matokeo: kizazi cha kwanza cha wachoraji wa Katanga waliosifiwa Ulaya hakikuacha picha mashuhuri ya kazi iliyoilisha Katanga.

4. Chuo cha Moonens na mfano wa Makerere

Mwaka 1951 mchoraji Mbelgiji Laurent Moonens alianzisha Élisabethville chuo rasmi cha sanaa, Académie des Beaux-Arts, chenye mafunzo yaliyopangwa kwa mfano wa vyuo vya Ulaya. Romain-Desfossés alipofariki mwaka 1954, karakana yake haikudumu peke yake, na chuo kikapokea urithi wake. Mwenze na Pilipili waliingia humo wakiwa walimu. Jambo hili lastahili kutiliwa mkazo: watu ambao mwalimu wao alikataa kuwafundisha walitakiwa sasa wafundishe. Mbele ya vijana hawakuweza kusema tu, tafuteni ndani yenu. Ilibidi waonyeshe mkono unavyokwenda, na kwa njia hiyo mafunzo ya fundi na mwanafunzi yakarudi kwa mlango wa nyuma.

Miongoni mwa vijana waliopita katika chuo hicho ni Mode Muntu, aliyezaliwa mwaka 1940 na kufariki mwaka 1985. Watu katika picha zake ni vivuli vyembamba vyenye viungo virefu, vinavyopangwa bega kwa bega kama herufi katika mstari wa maandishi. Katika kazi yake mafunzo ya chuo hayakuua ubunifu wake, wala ubunifu wake haukuhitaji kukingwa dhidi ya mafunzo.

Mjadala huu haukuwa wa Katanga peke yake. Makerere, nchini Uganda, Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwishoni mwa miaka ya 1930 akiwa na hofu iliyofanana na ya Romain-Desfossés, kwamba kanuni za Ulaya zingewaharibu wanafunzi. Alipomrithi mwaka 1958, Cecil Todd aligeuza mkondo na kuleta historia ya sanaa ya Ulaya pamoja na nadharia ya rangi. Lakini wanafunzi wa Trowell hawakubaki ndani ya mipaka ya hofu yake. Sam Ntiro, Mchaga wa Machame, alisoma Makerere, akaenda Slade jijini London, akarudi kufundisha, na akaendelea kuchora watu wa Kilimanjaro wakiwa kazini. Mwenzake Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, alichora ukutani mwa kanisa la Fort Hall, leo Murang'a, maisha ya Yesu katika mazingira ya vilima vya Wagikuyu. Kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka watu waliouawa katika vita vya Mau Mau, na kazi ya Njau ya mwaka 1959 iliweka maumivu ya nchi palepale yalipotokea. Mfano wa Njau waonyesha kwamba aliyesomea sanaa chuoni aliweza kuchora jeraha la mahali pake, ikiwa alipewa ukuta na watu wa kulitazama.

5. Ukumbusho

Katanga, jeraha hilo lilichorwa na watu wengine. Katika miaka ya 1970, jimbo likiitwa Shaba, palikuwa na wachoraji wengi waliouza kazi zao kwa wafanyakazi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Wengi hawakupita chuoni. Walichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, na wanunuzi wao walitundika picha hizo sebuleni. Mashuhuri kati yao ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1947. Kati ya miaka ya 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha Lubumbashi, historia ya nchi katika picha zaidi ya 100, na kumsimulia kila picha kwa Kiswahili cha Shaba. Wafanyakazi wa Union Minière waliouawa mwaka 1941 wamo humo. Mazungumzo hayo yalichapishwa katika kitabu mwaka 1996, baada ya Tshibumba kutoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Neno ambalo wachoraji hao na wanunuzi wao walilitumia kueleza thamani ya picha ni ukumbusho. Ni vema neno hilo lipimwe kisarufi. Kukumbuka ni kitendo cha mtu ndani ya nafsi yake. Kukumbusha ni kumfanya mwingine akumbuke. Romain-Desfossés aliwataka wanafunzi wake wakumbuke. Wateja wa kambi za Shaba waliwataka wachoraji wawakumbushe. Tofauti ya mnyambuliko mmoja yatosha kueleza tofauti ya sanaa hizo mbili: ya kwanza ilimwuliza mchoraji ana nini moyoni, kisha ikauza jibu kwa wageni, ya pili ilimwuliza jirani ana deni gani kwa waliokufa.

6. Hitimisho

Haitakuwa haki kuhitimisha kwamba banda lilikuwa kosa na mtaa ulikuwa sahihi. Bila banda hilo, Bela asingepewa rangi, na mikono ya Pilipili na Mwenze isingewafikia vijana wa chuo. Kazi zao zilionyeshwa Paris mwaka 2015 katika maonyesho ya Beauté Congo, pamoja na za Mode Muntu na za Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Baloji ndiye aliyetengeneza mwaka 2006 mfululizo uitwao Mémoire, ambamo picha za zamani za wafanyakazi zimewekwa juu ya magofu ya viwanda vya madini. Katika ukumbi huo mmoja samaki wa Pilipili na wafanyakazi wa Baloji walikaa karibu, jambo ambalo karakana ya mwaka 1946 isingelikubali.

Shinkolobwe yenyewe ilifungwa Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960. Wachimbaji wadogo walirudi humo baadaye. Serikali iliufunga mgodi tena mwaka 2004, na Julai ya mwaka huohuo shimo liliporomoka na kuua watu. Watu hao nao wanasubiri ukumbusho. Anayefundisha sanaa Katanga anaweza kujifunza kutoka pande zote mbili za historia hii: amwonyeshe mwanafunzi mkono wa fundi bila woga, na asimchagulie kumbukumbu. Akitaka kuchora swala, na achore swala. Akitaka kuchora shimo, asiambiwe kwamba shimo si Afrika.