Kutu ya Stoo katika Nchi ya Mvua

Spea ikitolewa stoo mjini Tukuyu ikiwa imevaa kutu, wa kwanza kulaumiwa ni mvua. Lawama hiyo ina msingi: mji hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Hata hivyo, historia ya chuma katika Rungwe, wilaya ya mji huo, inaonyesha kwamba mvua haitoshi kueleza uharibifu huo. Kabla ya majembe ya viwandani kuenea, Wanyakyusa wa huko walipata chuma kutoka kwa majirani zao Wakinga, waliokiyeyusha katika milima ya Livingstone na kuteremka na majembe na mikuki kubadilishana na chakula. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa katika miaka ya 1930, waliandika juu ya biashara hiyo. Jembe la Mkinga lilinyeshewa mvua ileile, lakini udongo ulilisugua kila msimu, na kutu ya juu juu iliondoka kabla haijachimba. Chuma cha kazi kilikuwa na mlinzi wake, naye ni kazi yenyewe.

Mashine ndizo zilizoleta chuma cha kulala. Meli ya mvuke Hermann von Wissmann ilishushwa Ziwa Nyasa mwaka 1893, na baadaye vikaja viwanda vya chai, malori na mashine za kusaga. Injini hudai akiba: krankishafti, pistoni na beringi zinazongoja kwenye rafu miezi au miaka. Hapo ndipo kutu inapopata nafasi, hata pale paa lisipovuja. Usiku wa Juni na Julai Tukuyu hupoa sana, na chuma kizito hupoa pamoja nao. Asubuhi hewa yenye unyevu huingia, hugusa chuma ambacho bado ni baridi, na umande hujitengeneza juu yake bila tone kudondoka kutoka juu. Kwenye gamba la gia kutu hiyo si kitu, brashi ya waya na mafuta ya taa vinatosha. Kwenye shingo ya krankishafti ni hasara kubwa, kwa sababu msasa unaoondoa kutu unaondoa pia kipimo, na beringi haisamehi kipimo kilichopotea.

Ushahidi mzito kuliko wote uko Ziwa Tanganyika. Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakiikimbia Kigoma, waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakakuta injini na boila bado zinafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Injini zilizokaa majini miaka mingi zikafanya kazi hadi zilipobadilishwa kwa dizeli katika miaka ya 1970.

Atakayepinga atasema ziwa lile ni la maji baridi, yasiyo na chumvi, na kwamba chini ya maji oksijeni ni haba. Ni kweli, na ndiyo maana mfano huu una uzito: kutu inahitaji maji na oksijeni vikutane juu ya chuma kitupu. Stoo yenye umande inavitoa vyote viwili kila asubuhi, na grisi ndiyo inayovizuia visifike. Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nalo ni la umaskini: grisi ni ghali, kwa hiyo watu hupaka oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Lakini oili hiyo hubeba asidi na maji ya mwako, hivyo inakila chuma kilekile inachotakiwa kukilinda. Kopo moja la grisi safi ni bei ndogo mbele ya krankishafti mpya iliyosafirishwa kutoka Dar es Salaam, na mwenye fedha kidogo ndiye asiyeweza kuinunua mara mbili.

Kwa hiyo nawasihi wanaotunza stoo za Katumba, Kiwira na Tukuyu: spea ikifika, ikaushwe, ipakwe grisi safi, ifungwe karatasi yenye mafuta na iinuliwe kutoka sakafuni siku hiyohiyo, kisha ikaguliwe kabla baridi ya Juni haijaingia.