Nidhamu ya Mchezaji Nje ya Uwanja

Mchezo wa mpira una mwamuzi wake. Tarehe 25 Julai 2021, katika Uwanja wa Lake Tanganyika mjini Kigoma, Simba na Yanga zilikutana katika fainali ya Kombe la Shirikisho. Katika kipindi cha kwanza kiungo wa Yanga, Mukoko Tonombe, alionyeshwa kadi nyekundu. Baadaye Simba ikashinda kwa bao moja lililofungwa na Taddeo Lwanga. Waliofurahi na waliohuzunika waliiona adhabu kwa macho yao, na sheria iliyotumika ilikuwa imeandikwa kabla ya mchezo kuanza.

Lakini mchezaji akishavua jezi na kuingia mitaa ya Mwanga, Gungu au Ujiji, kisha akapigana, akalewa hadharani au akamdhulumu mtu, mwamuzi wake ni nani? Je, timu inayo haki ya kumwadhibu kwa jambo lisilotendeka uwanjani?

Swali hili lina mizizi katika utamaduni wetu. Kabla vilabu vya mpira havijaenea, watu wa mijini walikwisha kujikusanya katika vyama vya ngoma. Beni, iliyoanza mwambao wa Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ilienea bara pamoja na askari, makarani na reli, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Makundi ya Marini na Arinoti yalishindana kwa mavazi na gwaride, lakini pia yalikuwa na vyeo, michango na wajibu wa kusaidiana katika maradhi na maziko. Mtu hakuwa mwanachama wakati wa kucheza tu. Jina la kundi alikwenda nalo kila mahali, na heshima au aibu yake iliwafikia wenzake. Vilabu vya mpira vilipozaliwa katika miji hiyo hiyo, vilirithi fikra hiyo.

Wavuvi wa Ziwa Tanganyika nao wanatupa kipimo kizuri. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Mvuvi aliyelewa jioni huwahatarisha wenzake usiku ule ule, na mkuu wa chombo akimwacha nchi kavu hajaingilia faragha yake, bali amelinda roho za watu. Vivyo hivyo, timu inayo haki ya kumzuia mchezaji ambaye mwenendo wake unawadhuru wenzake, au unawadhuru watu wanaoiamini timu hiyo. Haina haki ya kumwadhibu kwa sababu tu viongozi hawapendi marafiki zake, mavazi yake au maoni yake.

Mipaka hiyo ni muhimu kwa kuwa adhabu ya timu yaweza kuwa nzito. Katika miaka ya 1980 Kigoma ilikuwa na RTC Kigoma, timu ya Kampuni ya Biashara ya Mkoa. Katika timu za mashirika ya umma aghalabu mchezaji alikuwa pia mwajiriwa. Kumfukuza timuni kungeweza kugusa mshahara wake na chakula cha watoto wake. Mamlaka ya namna hiyo hayafai kuachwa mikononi mwa mtu mmoja mwenye hasira.

Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Mgogoro wa Yanga wa mwaka 1976 haukuwa wa ulevi wala uhuni, bali wa madaraka baina ya watu wa klabu moja. Hata hivyo, unatufundisha kwamba klabu isiyo na njia ya haki ya kuamua magomvi yake hupasuka. Walioondoka walianzisha Pan African, na mwaka 1982 timu hiyo ikatwaa ubingwa wa nchi.

Ipo hatari ya upande wa pili, nayo ni kumficha mfungaji hodari. Mchezaji akimpiga mkewe au kumdhuru binti wa watu, yaweza kutokea viongozi wakakimbilia kuyamaliza nyumbani kwa sababu Jumapili kuna mechi. Hapo klabu inakuwa mshiriki wa dhuluma. Kosa la jinai lina polisi na mahakama yake. Timu haiwezi kuwa mbadala wa vyombo hivyo, wala pazia la kumsitiri mkosaji.

Tena, sheria isiyowabana viongozi si nidhamu bali ni utumwa. Mwezi Julai 2022 Kamati ya Maadili ya Shirikisho la Mpira wa Miguu ilimfungia msemaji wa Yanga, Haji Manara, miaka miwili na kumtoza faini ya shilingi milioni 20 kwa mwenendo wake mbele ya Rais wa Shirikisho. Mtu aweza kubishana juu ya uzito wa adhabu hiyo, lakini ilidhihirika kwamba asiyevaa jezi naye huulizwa.

Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, inataka haki za mtu zinapoamuliwa apewe nafasi ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na mshtakiwa wa jinai asitendewe kama mkosaji kabla hajathibitishwa hivyo. Kanuni hiyo inafaa hata kwa timu ndogo ya mtaani. Na iandike miiko yake mapema, imsikilize mtuhumiwa, impe nafasi ya kukata rufani, na ipime kiongozi na mchezaji kwa mizani ile ile. Timu ikifanya hivyo, adhabu yake itakuwa malezi, na kijana aliyekosea atakuwa na njia ya kurudi kwa wenzake.