Sinema Ng'ambo ya Feri: Diani, Mvita na Bahari za Ushairi

Anayeandika historia ya sinema katika pwani ya Kenya huanza na majumba: Regal, Majestic, Naaz, yote ya kisiwani Mombasa. Njia hiyo ni halali, lakini humwacha nje mtazamaji wa Kwale. Mtu wa Diani aliyetaka kuona picha alikuwa na kilomita 30 hivi za kufika Likoni, kisha feri. Na maonyesho ya usiku yalimlazimu kuwaza atarudije kabla hajawaza ataona nini. Je, tuseme sinema haikumfikia? Makala haya yanadai kwamba ilimfikia, ila kwa umbo ambalo mwanahistoria wa majumba halitazami, na ambalo mhakiki wa fasihi ana wajibu wa kulieleza.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na jibu lake kwa watu wa mashamba. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa majaribio uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu fupi za mafunzo na kuzizungusha kwa lori katika Afrika Mashariki. Mtazamaji alichukuliwa kuwa mwanafunzi: aelekezwe juu ya kilimo, afya na uwekaji wa fedha. Filamu za Kihindi hazikumpa somo la aina hiyo, na labda ndiyo sababu zilipendwa. *Awaara* (1951) ya Raj Kapoor ilihusu baba anayemfukuza mkewe kwa shaka, na mwana anayelipa deni la shaka hiyo. Katika *Reel Pleasures* (2018), Laura Fair ameonyesha, kwa upande wa Tanzania, jinsi watazamaji walivyozijadili filamu hizo kama mambo ya nyumbani mwao, ingawa mazungumzo yake yalikuwa ya Kihindi.

Lakini kilichovuka feri kwa wepesi zaidi ni nyimbo. Watunzi wa taarabu wa Mombasa walitwaa mahadhi ya filamu wakayatilia maneno ya Kiswahili. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, ndiye aliyepata sifa kubwa katika mtindo huo, na baadhi ya maneno aliyoyaimba yalitungwa na Ahmad Nassir, mwandishi wa *Malenga wa Mvita* (1971). Sahani ya santuri haihitaji jumba wala kiti. Mawimbi ya redio nayo, tangu enzi ya Sauti ya Mvita katika miaka ya 1950, hayakungoja zamu pale Likoni.

Hapa ndipo suala linapokuwa letu. Mshororo wa shairi la kimapokeo una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Mahadhi ya filamu hayaijui hesabu hiyo. Hurefuka pale mwimbaji wa Bombay alipovuta pumzi, hukatika pale ala zilipoingia. Mtunzi wa Kiswahili alikuwa na njia mbili: ama avute silabi ijaze nafasi, ama afupishe mshororo na kuziacha nane zake. Vina alivishika, mizani aliilegeza. Wapo waliomshutumu kwa wizi wa sauti za watu. Shutuma hiyo ina ukweli kuhusu mahadhi, lakini inakuwa kiziwi mbele ya utungo.

Tumezoea kusimulia mgogoro wa arudhi kana kwamba ulizuka chuoni, Euphrase Kezilahabi alipochapisha *Kichomi* mwaka 1974, huku wahafidhina wa pwani wakisimama kuilinda mizani. Masimulizi hayo yanapungukiwa. Pwani hiyohiyo ilikuwa tayari ikiimba mishororo isiyo sawa, bila dibaji wala ilani, na hakuna aliyeuliza kama huo ni ushairi. Huenda ni kwa kuwa ulikuja na ala. Wahakiki wetu huandika "wimbo" na kufunga faili.

Aliyeusikia wimbo huo arusini Ukunda, baina ya chakacha na sengenya ya Wadigo, hakulazimika kuwa ameiona filamu yenyewe. Alipokea mahadhi yaliyokwisha kuvuka bahari mara mbili, ya Hindi na ya Likoni, yakiwa na maneno ya Kimvita, na akayaimba kwa matamshi yake.