Kabla Utume Hiyo Pesa ya Usajili, Skiza Hii Historia

Juzi binamu yangu alinitumia picha ya meseji aliyopata Instagram. "Hujambo mrembo, tumependa sura yako. Tunatafuta nyuso mpya za Dubai na Milan. Tuma 3,500 ya usajili na picha, nafasi ni chache." Ana miaka 19, amemaliza fomu four, yuko tu nyumbani. Akaniuliza, "Hii ni ya ukweli ama ni ya kunila?"

Ningemwambia tu awachane nao. Lakini nikaenda kuchimba huu mchezo ulianzia wapi, na kumbe Instagram imeukuta ukiwa mzee tayari.

Turudi 1923, New York. Mwigizaji mmoja anaitwa John Robert Powers anafungua ajensi ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya wanamitindo. Mpango ulikuwa rahisi: ajensi inakutafutia kazi, mwenye kazi analipa, ajensi inakata kamisheni. Yaani inakula baada ya wewe kula. Miaka ikasonga, na jina hilo hilo la Powers likapachikwa kwenye shule za uanamitindo. Huko anayelipa ni mwanafunzi. Umeona pesa ilivyogeuka njia? Mwanzoni ilitoka kwa kampuni inayotaka picha. Sasa inatoka mfukoni kwa mwenye ndoto.

Hiyo ndiyo aina ya kwanza ya utapeli, na ndiyo iliyoingia kwa simu ya binamu yangu. Lakini kuna ya pili, na hiyo ni hatari zaidi kwa sababu huambiwi utoe hata shilingi.

Inafanya hivi. Ajensi inakulipia kila kitu: tiketi ya ndege, viza, picha za majaribio, chumba unacholala na wenzako. Wewe unafikiri umebebwa. Kumbe kila kitu kinaandikwa kwa kitabu, na ukianza kupata kazi unakatwa. Ukikosa kazi, deni linabaki na jina lako.

Sheria ilikuwa wapi? New York, ajensi ya kutafutia watu kazi lazima iwe na leseni, na kuna kikomo cha ada inayoweza kutoza. Kwa hivyo ajensi za mitindo zikajiita "mameneja", eti kazi yao ni kusimamia maisha ya msanii, na kumtafutia kazi ni jambo la kando tu. Neno moja likabadilishwa, na zikakwepa masharti hayo kwa miaka mingi.

Na deni si hesabu tu. Deni linafunga mdomo. Mwaka 1988, kipindi cha 60 Minutes cha Marekani kilirusha madai ya wanamitindo waliosema walinyanyaswa Paris, na Jean-Luc Brunel, bosi wa ajensi, alikuwa kati ya waliotajwa. Unafikiri alifunga duka? Aliendelea na kazi, na mwaka 2005 akaanzisha ajensi nyingine kwa msaada wa pesa za Jeffrey Epstein. Alikamatwa Desemba 2020, akakutwa amekufa gerezani Paris Februari 2022 kabla kesi isikizwe. Yeye alikana mashtaka. Lakini jiulize: msichana wa miaka 17, viza yake imeshikwa na ajensi, chumba ni cha ajensi, deni ni la ajensi, atamshtaki nani?

Mwaka 2011 ikatoka filamu ya makala, Girl Model, kuhusu msichana wa miaka 13 kutoka Siberia aliyepelekwa Japani. Mkataba ulisema ukiongezeka sentimita moja mwilini, unaweza kufutwa. Familia ilitarajia pesa. Mtoto akarudi na deni.

Sasa ukisema "hizo ni story za wazungu", njoo hapa kwetu Turkana. Kambi ya Kakuma ilianza 1992. Halima Aden alizaliwa hapo. Adut Akech aliishi hapo akiwa mtoto. Leo majina yao yanajulikana kila mahali, na kila kijana mrefu pale kambini anajua hiyo habari. Kitu kinachosahaulika ni kwamba wote wawili walihamia ng'ambo na familia zao kama wakimbizi kwanza. Uanamitindo uliwapata huko.

Wasaka vipaji wakaja kambini wenyewe. Mwaka 2023 gazeti la Sunday Times la Uingereza likafichua kwamba vijana wa Kakuma walipelekwa Ulaya, wengine wakarudishwa bila kupata kazi ya maana, na wakapewa bili ya maelfu ya yuro. Mkimbizi anayekula kwa mgao, anadaiwa tiketi ya ndege! Na ukiuliza, utaambiwa huo ni utaratibu wa kawaida wa hii kazi. Enyewe ni kweli. Ndiyo shida yenyewe.

Kitu kimeanza kusonga. Juni 2025, sheria mpya ya New York ilianza kufanya kazi: ajensi lazima zijisajili, kamisheni isizidi asilimia 20, na hakuna kuitisha ada wala amana ndipo umsaini mtu. Ni mwanzo mzuri, lakini sheria ya New York haimfikii msichana wa Kakuma wala wa Kayole.

Kwa hivyo nilimpa binamu yangu maswali mawili. La kwanza: "Mnaweza kukata hiyo 3,500 kwa malipo ya kazi yangu ya kwanza?" Aliwatumia. Wakamblock ndani ya dakika kumi.

Swali la pili hakupata nafasi ya kuliuliza, lakini nataka alishike, na wewe pia, kwa sababu siku moja anaweza kuja mtu na suti, ofisi na mkataba wa ukweli, na asiitishe kitu: "Nisipopata kazi hata moja, nitakuwa nadaiwa pesa ngapi, na imeandikwa wapi?"

Kama hawezi kukuonyesha huo mstari, usipande hiyo ndege.