Namba Sita Kwenye Damu

Himoglobini ni protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Imeundwa kwa minyororo minne, na ukihesabu pete zote za minyororo hiyo, yaani asidi amino, unapata 574. Kwa mtu mwenye selimundu, ugonjwa ambao mtaani tunauita sikoseli, pete mbili tu kati ya hizo 574 ndizo zimebadilika. Mbili! Na zinatosha kumlaza mtoto hospitalini wiki nzima akilia mifupa.

Swali hili lilinishika nikiwa mwaka wa pili chuoni, kabla karo haijanishinda: kitu kidogo hivyo kinaletaje shida kubwa hivyo? Karo iliisha, swali likabaki. Nimekuja kugundua kwamba historia ya jibu lake ni historia ya watu waliojenga sanamu za kitu wasichoweza kukiona. Walianza na plastiki na vyuma, wakaishia kwa kompyuta. Na sehemu ya historia hiyo ilipitia hapa kwetu.

Kwenye vitabu vya udaktari wa Kizungu, stori inaanza 1910. James Herrick, daktari wa Chicago, alichapisha habari za mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka Grenada ambaye damu yake, chini ya hadubini, ilikuwa na chembe zilizopinda kama mundu. Bila shaka Afrika familia zilikuwa zimezika watoto wa ugonjwa huu muda mrefu kabla ya hadubini hiyo. Lakini Herrick aliona umbo tu, chanzo hakukijua.

Mwaka 1945 mkemia Linus Pauling alisikia kwa daktari mwenzake jambo moja lililomzindua: chembe hizi hupinda pale oksijeni inapopungua, na zikipata oksijeni hunyooka. Pauling akajiambia, kama ni hivyo basi shida haiko kwenye chembe yenyewe, iko kwenye himoglobini. Yeye na wenzake, akiwemo Harvey Itano, wakapitisha umeme kwenye himoglobini ya wagonjwa na ya watu wazima wa afya. Zikatembea tofauti. Ya wagonjwa ilikuwa na chaji tofauti. Novemba 1949 wakachapisha makala iliyouita ugonjwa huu ugonjwa wa molekuli, na mle ndani wakabashiri kwamba himoglobini hizi zina sehemu zinazolingana, moja ikiingia kwa nyingine, ndiyo maana zinashikana. Walikuwa hawajaona molekuli hata moja. Walikuwa na modeli kichwani tu.

Mwaka huohuo wa 1949, kijana aliyelelewa Kenya, Anthony Allison, alirudi nyumbani kutoka Oxford na msafara wa utafiti uliokuwa unaelekea Mlima Kenya. Alizunguka nchi akikusanya damu. Alichokuta ni hiki: Pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na jeni moja ya selimundu. Nyanda za juu, hata mmoja katika 100 hakufika. Ukichora ramani ya jeni hiyo, unachora ramani ya mbu. Kufikia 1954 Allison alichapisha ushahidi kwamba mwenye jeni moja hukingwa na malaria kali, na mwenye jeni mbili ndiye anayeugua selimundu. Kwa hivyo sisi wa Pwani na wa ziwani tunabeba jeni hii kwa sababu iliwaokoa mababu zetu. Watu husema ni laana ya ukoo, au mama alirogwa. Hapana. Ni bei ya kuishi na malaria.

Sasa tukajua nani anaugua na kwa nini jeni haiishi. Bado hatukujua zile pete mbili zinafanya nini. Vernon Ingram, kule Cambridge, alikata himoglobini vipande vidogovidogo akalinganisha ya mgonjwa na ya mzima. Mwaka 1957 akaeleza tofauti: mahali pa asidi ya glutamiki pamekaa valini. Leo tunajua ni namba sita kwenye mnyororo wa beta, na kwa kuwa himoglobini ina minyororo miwili ya beta, pete zilizobadilika ni mbili. Asidi ya glutamiki ina chaji na inapenda maji. Valini ni kama tone la mafuta, inayakimbia. Shika hapo, maana mambo yote yanageukia hapo.

Kwenye jengo hilohilo la utafiti kulikuwa na Max Perutz, aliyeanza kuchunguza fuwele za himoglobini 1937. Unapiga eksrei kwenye fuwele, miale inatawanyika, unapata madoa kwenye filamu, halafu unatafuta umbo gani linaweza kutoa madoa hayo. Kazi ilimchukua zaidi ya miaka 20. Alikwama miaka mingi hadi 1953, alipogundua kwamba akibandika atomu nzito za zebaki kwenye himoglobini anapata ufunguo wa kusoma madoa yale. Mwenzake John Kendrew alishughulikia protini ndogo zaidi, mayoglobini. Modeli yake ya kwanza ilikuwa ya plastisini, imejikunja kama matumbo. Ya baadaye ilikuwa msitu wa fimbo za chuma zenye vibanio vya rangi kuonyesha atomu ziko wapi. Himoglobini ya Perutz ilichapishwa 1960, na 1962 wote wawili wakapewa Nobeli.

Unaweza kusema, sasa hizo si sanamu tu za kuweka kabatini? Lakini sanamu ilijibu jambo ambalo maneno yalishindwa kujibu. Kufikia 1970 Perutz aliweza kuonyesha kwamba himoglobini hubadilika umbo ikiachia oksijeni. Na sasa fumbo la selimundu likaanza kufunguka: himoglobini ikiachia oksijeni, kwenye mnyororo wa beta panakaa wazi kijishimo chenye kuta zisizopenda maji. Valini namba sita ya molekuli jirani inaingia humo kama kidole kwenye pete. Molekuli moja inashika ya pili, ya pili ya tatu, hadi zinakuwa kamba ndefu iliyosokotwa kwa nyuzi 14. Kamba hizo ndizo zinazosukuma chembe mpaka ipinde.

Tatizo la fimbo za chuma ni kwamba hazitembei, na molekuli hazikai tuli hata kidogo. Mwaka 1966 Cyrus Levinthal wa MIT alieleza jinsi walivyochora protini kwenye kioo cha kompyuta na kuizungusha. Watu kama Martin Karplus, Michael Levitt na Arieh Warshel wakaenda mbele zaidi: badala ya kuchora tu, wakahesabu. Chukua kila atomu kama mpira wenye uzito na chaji, unganisha mipira kwa springi, halafu uliza kila mmoja: nani anakuvuta, nani anakusukuma? Isogeze kidogo, kisha uliza tena. Mwaka 1977 kundi la Karplus lilifanya hivyo kwa protini ndogo yenye pete 58, na hesabu yote ile ikafuata muda usiofika pikosekunde 10. Pikosekunde moja ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Mwaka 2013 hao watatu wakapata Nobeli.

Jambo linalonifurahisha ni kwamba matunda ya kazi hii hayajafungiwa. Kuna hazina ya maumbo ya protini iliyoanzishwa 1971, iko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Usiku mmoja nilinunua bando, nikatafuta faili 2HBS, ambayo ni himoglobini ya selimundu. Ikafunguka kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Nikaivuta karibu kwa vidole viwili hadi nikaiona valini namba sita imeingia kwenye kijishimo cha jirani, katikati ya fenilalanini namba 85 na lusini namba 88. Nilikaa nikiitazama muda mrefu. Kwenye ploti tulikozaliwa kulikuwa na msichana, rika langu, ambaye mama yake alikuwa akimkanda miguu kwa maji moto usiku kucha. Kitu kilichomliza ndicho hicho nilichokuwa nimekishika mkononi.

Lakini tusidanganyane kwamba kuona ni kuponya. Wakemia walitumia maumbo haya kuunda voxelotor, dawa inayokaa kwenye himoglobini na kuisaidia kushikilia oksijeni, ili kile kijishimo kisipate nafasi. Marekani iliidhinishwa 2019. Kwenye modeli ilikaa sawasawa. Septemba 2024 kampuni iliyoimiliki ikaiondoa sokoni dunia nzima, kwa sababu takwimu za majaribio zilionyesha maumivu makali na vifo vimekuwa vingi kwa waliotumia dawa. Baadhi ya majaribio hayo yalifanyika Afrika, Kenya ikiwemo. Modeli ilisema kweli kuhusu molekuli mbili. Mwili wa mtoto una molekuli nyingi zaidi ya mbili.

Dawa inayosaidia wengi kwa sasa ni haidroksiurea, iliyotengenezwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1869, wakati hakuna aliyejua himoglobini ina umbo gani. Huufanya mwili utoe tena himoglobini ya kitoto, ile tuliyokuwa nayo tumboni. Kwa nini inasaidia? Rudi kwa modeli: himoglobini ya kitoto haina mnyororo wa beta, kwa hivyo haina valini ile, na ikijichanganya na nyingine inakatiza kamba isirefuke. Watoto zaidi ya 600 walipewa dawa hii katika nchi nne, Angola, Kongo, Uganda na hapa Kenya, kule Kilifi. Matokeo yalichapishwa 2019: maumivu yalipungua, malaria ikapungua, kuongezewa damu kukapungua, vifo vikapungua.

Kutoka Allison kukusanya damu Pwani hadi matokeo ya Kilifi ni miaka 70. Katika miaka hiyo, waliojenga modeli walipewa Nobeli, na damu ya watu wetu ilisafiri hadi maabara za mbali. Siwaonei wivu, kazi yao ilikuwa ya kweli. Ila dawa ya 1869 ni tembe ya kumeza, na tumeshaijua inavyofanya kazi hadi kwenye atomu. Mtoto anayelia mifupa leo Kilifi au Kisumu hangoji modeli nyingine. Anangoji tembe hiyo ifike kwenye zahanati iliyo karibu na kwao, kwa bei ambayo mama yake anaimudu.