Mtiririko wa joto kwa eneo

Ukienda kununua kiyoyozi kisiwani Mombasa, muuzaji ataanza na futi: chumba chako ni ngapi kwa ngapi? Mwenye chumba cha kumi kwa kumi ataonyeshwa mashine ya BTU 9,000. Mwenye sebule kubwa, ya 12,000 au 18,000. Saa haitajwi, ilhali bila saa namba hizo hazisemi lolote. BTU moja ni joto linalotosha kupandisha ratili moja ya maji kwa nyuzi moja ya Farenhaiti. Ni kiasi tu. Kiyoyozi huuzwa kwa kasi yake ya kutoa joto chumbani: BTU 9,000 kwa saa, yaani wati 2,640 hivi.

Hiyo kasi ndiyo mtiririko wa joto. Lakini anayetaka kujua paa lake linaingiza joto kiasi gani anahitaji kipimo kingine, kinachoeleza joto linalopita kwa muda fulani katika kila mita moja ya mraba. Tafsiri inayokuja haraka ni "msongamano wa mtiririko wa joto". Siipendi. Msongamano humpeleka msomaji kwenye vitu vilivyobanana ndani ya nafasi, na mwanafunzi aliyezoea densiti hugawanya kwa ujazo mara moja, wakati hapa tunagawanya kwa eneo. Napendekeza "mtiririko wa joto kwa eneo". Ni ndefu kidogo, lakini inataja kila kinachoingia katika hesabu: kuna joto, kuna mwendo wake katika muda, na kuna eneo. Kipimo hiki hufanana na cha mvua: milimita 20 zikinyesha mtaani Kibokoni ni 20 kwenye paa dogo na kwenye paa kubwa, ila maji yanayokusanywa hutofautiana.

Kipimo cha kimataifa ni wati kwa mita ya mraba. Jua likiwa utosini na anga ni safi, jambo linalotokea Mombasa karibu na tarehe 10 Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, bati la Mji wa Kale hupokea takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Vitabu vya wahandisi wa viyoyozi, hasa vya Marekani, huandika BTU kwa saa kwa futi ya mraba. Kutoka kimoja kwenda kingine hakuhitaji kukariri. BTU moja ni jouli 1,055, saa moja ni sekunde 3,600, na futi moja ya mraba ni mita za mraba 0.0929. Gawanya 1,055 kwa 3,600, kisha kwa 0.0929, utapata 3.155. Hizo ndizo wati kwa mita ya mraba zilizomo katika BTU moja kwa saa kwa futi ya mraba. Ukitoka upande wa wati, zidisha kwa 0.317. Kilokalori moja kwa saa kwa mita ya mraba ni wati 1.163, na hapo eneo halibadiliki.

Hatari iko katika kubadili joto na kusahau eneo. Tuseme dari la chumba cha futi kumi kwa kumi linapitisha wati 100 kwa mita ya mraba. Hesabu sahihi inatoa BTU 31.7 kwa saa kwa kila futi ya mraba, na kwa futi 100 za mraba ni 3,170 kwa saa. Mtu akikumbuka tu kwamba wati moja ni BTU 3.41 kwa saa, ataandika 341, azidishe kwa futi 100, apate 34,100. Amezidisha karibu mara kumi na moja, kwa sababu mita moja ya mraba ina futi 10.76 za mraba. Atakayebeba mzigo huo ni mwenye nyumba. Mashine kubwa mno hupoza chumba upesi na kuzima kabla haijakausha hewa. Baridi inakuja, unyevu unabaki, na katika mji wenye fukuto kama huu unyevu ndio nusu ya taabu. Bili ya umeme nayo haina huruma.

Kuta za Mji wa Kale zinastahili hesabu yake. Nyumba za Ndia Kuu na majirani zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene. Mtiririko wa joto kwa eneo katika ukuta hupatikana kwa kuzidisha uwezo wa kitu kupitisha joto kwa tofauti ya nyuzi za nje na ndani, kisha kugawanya kwa unene. Tuchukulie uwezo huo ni wati 1 kwa mita kwa nyuzi, na tofauti ni nyuzi 10 za Selsiasi. Ukuta wa nusu mita unapitisha wati 20 kwa mita ya mraba. Wa sentimita 15 unapitisha 67. Nimeweka uwezo uleule kusudi unene uonekane peke yake. Tena ukuta mnene huhifadhi joto la mchana, kwa hiyo sehemu yake hufika ndani saa nyingi baadaye.

Anayesoma rekodi za zamani za jua atakutana pia na langli, iliyopewa jina la Mmarekani Samuel Pierpont Langley. Langli ni kalori moja kwa sentimita ya mraba, yaani joto kwa eneo, bila muda. Haiwezi kugeuzwa kuwa wati mpaka useme ni kwa dakika au kwa siku: langli 1 kwa dakika ni wati 697 kwa mita ya mraba, na langli 500 kwa siku ni wastani wa wati 242, usiku ukiwa umehesabiwa humo.